AO-13, setilaiti tuliyokua tunapigia soga

Juzi nilikua napangua makabati natafuta waya fulani, nikakutana na logibuku zangu za zamani, yale madaftari ya kuandika kila niliyeongea naye redioni, zimefungwa kwa kamba, basi nikakaa chini sakafuni na huo waya nikausahau kabisa. Ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, na kwenye ile safu ya mwisho ya maelezo nimeandika kitu kilekile tu: AO-13, AO-13, AO-13. Nikasema leo naandika, maana vijana wanaoingia kwenye redio za ridhaa siku hizi ukiwatajia hilo jina wanakutazama kama umetaja babu wa mtu wasiyemjua.

Kwa ambao hawako kwenye hii fani, ni kwamba sisi watu wa redio za ridhaa, ham kama tunavyojiita (na hamu kweli tunayo), tuna setilaiti zetu wenyewe tangu zamani sana. Ya kwanza, OSCAR 1, ilirushwa Desemba 1961, kiboksi cha kilo 4 na nusu hivi ambacho kazi yake yote ilikua kurusha herufi mbili za Morse, HI, ambazo kwetu ndio kicheko. Betri ikaisha baada ya kama wiki tatu. Yaani tulienda anga za juu mapema kuliko mataifa mengi, tukacheka, tukazimika.

AO-13 ilikua kitu kingine. Ilijengwa zaidi na wadau wa AMSAT (chama cha setilaiti za ham) ya Ujerumani wakishirikiana na wenzao wa nchi nyingine, kiongozi wao Karl Meinzer, watu wanaojitolea, na ikapanda roketi ya Ariane 4 tarehe 15 Juni 1988 kutoka Kourou, kule Guyana ya Ufaransa. Hiyo ilikua safari ya kwanza kabisa ya Ariane 4 duniani, ya majaribio. Ndo maisha yetu hayo, siti tunayoipata ni ile ambayo mwenye mzigo wa mamilioni anaiogopa. Na woga wenyewe haukua wa bure, maana ile iliyoitangulia, AO-10, mwaka 1983 iligongwa na roketi yake mwenyewe dakika ileile ilipoachiwa, alafu baadae mionzi ya huko juu ikaharibu kumbukumbu ya kompyuta yake. Kwa hiyo kwenye AO-13 wakaweka kumbukumbu ngumu zaidi zinazovumilia mionzi. Kompyuta yenyewe sasa, ilikua na chipu inaitwa 1802 na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Picha moja ya simu yako haitoshi humo hata kidogo. Na hiyo kompyuta iliendesha chombo cha kilo kama 140 kwa miaka minane na ushee.

Ila siyo ukubwa wala kompyuta ndo vinavyonifanya niikumbuke. Ni muda.

Ngoja nieleze. Setilaiti nyingi za ham zinaruka chini, kilomita mia kadhaa tu juu yetu, zinachomoza upande huu na kuzama upande ule, ukibahatika umepata dakika kumi au kumi na tano. Ndani ya hizo dakika watu ishirini wanataka kusikika, kwa hiyo unachofanya ni kutaja kolisaini yako (herufi na namba za kukutambulisha), mwenzako anataja yake, tano-tisa (yaani nakusikia vizuri kabisa), asante, kwaheri, anaingia mwingine. Ni kama watu wanaopishana kwenye ngazi. Sijui hata kama inahesabika kuwa tumeongea.

AO-13 obiti yake ilikua yai, tena yai lililovutwa haswa. Ilipoanza kazi, upande mmoja ilikua inapita kilomita kama 2,500 juu ya dunia, upande wa pili inapanda mpaka kilomita zaidi ya 36,000. Na kama ulivyowahi kurusha jiwe juu unajua, linapokaribia kilele linapoteza haraka, linakua kama limesita kidogo kabla ya kurudi. Basi AO-13 nayo ilikua inasita hivohivo, ila kusita kwake ni masaa. Mzunguko mzima ni masaa 11 na nusu hivi na sehemu kubwa ya hayo masaa iko kule juu, inatazama karibu nusu ya dunia kwa mkupuo mmoja. Siku ikikaa vizuri unageuza antena, unaiona masaa saba, manane, na antena unaisogeza kidogo tu kila baada ya muda. Unavuta kiti. Unaongea na mtu nusu saa nzima kuhusu mguu wake unaomuuma.

Mara yangu ya kwanza ilikua 1991. Aliyenifundisha ni mzee mmoja, Mungu amrehemu, ambaye alikua na tabia ya kuniita "kijana" hata nilipokua nimeshakua na watoto wangu. Akaja kuniangalizia mitambo. Nilikua na antena mbili za yagi zilizopishana msalaba, moja ya kurushia kwenye megahezi 435, moja ya kupokelea kwenye 145, na motor mbili, moja ya kuzungusha na moja ya kuinua, ile ya kuinua inalia kama mlango mbovu. Priampu, kile kikuza signo, nimeifunga juu mlingotini karibu kabisa na antena, maana Mzee alisisitiza, signo ikishashuka na waya mrefu ndo uikuze umekuza kelele tu.

"Usirushe kitu," akaniambia. "Tafuta bikoni kwanza."

Bikoni, ile signo setilaiti inayorusha yenyewe, ilikua kwenye 145.812. Nikavaa hedifoni, nikawa nazungusha nobu taratibu, chenga tupu, shhhh mwanzo mwisho. Alafu ndani ya zile chenga nikasikia kitu siyo chenga. Jinsi ya kuieleza ni ngumu, ile data ya telemetri (setilaiti inaripoti hali yake) ilikua na mlio kama wa nyuki wengi wamefungiwa kwenye kopo mbali, na mlio wenyewe unahama kidogokidogo, ukiacha nobu bila kugusa unaukuta umehama. Nikamtazama Mzee. Akatikisa kichwa kwamba ndio yenyewe hiyo.

Alafu ndo akaniambia nishike maiki.

Transponda yake, kile chombo kinachopokea sauti zetu na kuzirudisha chini, ilikua inapindua. Maana yake ukipanda kwenye frikwensi ya kurushia, kule kwenye kupokea unashuka, na ukirusha LSB (upande wa chini wa wimbi) inarudi USB (upande wa juu), kwa hiyo mikono miwili inacheza kinyume, kama wale wanaojifunza kupiga tumbo huku wanapapasa kichwa. Nikataja kolisaini yangu mara mbili, nikaachia, nikasubiri. Kimya. Nikasogeza kidogo, nikataja tena, na safari hii nikiwa katikati ya neno nikajisikia mwenyewe masikioni, nyuma kidogo ya mdomo wangu. Hesabu ni rahisi, kwenda kilomita 36,000 na kurudi 36,000, mawimbi yanakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, hiyo ni kama robo sekunde. Robo sekunde ukiisoma kwenye karatasi ni kitu kidogo. Ukiisikia kwa sauti yako mwenyewe unapata kigugumizi papohapo, ulimi unasubiri sauti imalize na sauti inasubiri ulimi. Mzee alicheka mpaka akatoka nje. Baadae akaniambia dawa yake, sauti yako uisikilize kwa nusu sikio tu, kama unavyomsikiliza mtu anayekusimulia hadithi unayoijua.

Nilizoea baada ya wiki kadhaa. Na nikikwambia ukweli, hiyo sauti inayorudi ndo naikosa kuliko kitu kingine chochote. Kwenye redio ya kawaida unarusha tu gizani na kumuamini Mungu. Pale nilikua najua nimefika, kwa sababu nimejisikia nikifika.

Kulikua na adabu zake pia. Transponda ni moja na nguvu zake tunagawana wote, kwa hiyo akija mtu na mtambo mkubwa anaunguruma, setilaiti inajipunguza usikivu ili isilemewe na wengine wote wanazama. Sheria ilikua usisikike kwa nguvu kuliko bikoni. Basi. Unajipima mwenyewe, bikoni ile pale, sauti yako ile pale, ukiwa juu yake punguza wati. Waliokua hawapunguzi tulikua tunawaita mamba, mdomo mkubwa masikio madogo. Na kawaida mamba hajui kama ni mamba, maana priampu hana, antena yake ya kupokelea mbovu, hajisikii, kwa hiyo anadhani tatizo ni nguvu anaongeza tena. Mimi nilishawahi kuwa mamba siku nzima, kiunganishi cha waya wa kupokelea kiliingia maji nami naona tu dunia imekua kimya, nasukuma, mpaka jamaa mmoja kwa upole sana akaniuliza, samahani ndugu, leo unanisikiaje? Nikasema kwa shida sana. Akasema sisi huku tunakusikia vizuri, labda kupita kiasi. Nilizima kila kitu nikaenda kupanda mlingoti.

Tena ilikua ina ratiba. Mzunguko wote umegawanywa sehemu 256, na kompyuta ile ya kilobaiti 32 ilikua inajua kwamba kuanzia namba hii mpaka hii fungua hii transponda, hapa fungua ile ya 2.4 gigahezi kwa wale wachache wenye vifaa, hapa zima. Kuna misimu jua linaipiga vibaya, wanaigeuza ili paneli zipate mwanga, na ikigeuzwa antena zake hazitutazami tena sawasawa. Chombo kilikua kinazunguka kama pia, sasa kikikutazama upande sauti inapapatika, papapapa, kama mtu anaongea mbele ya feni. Tulikua tunaelewana hivohivo.

Sasa kuijua iko wapi. Siku hizi simu inakuonyesha setilaiti zote zinapita juu ya kichwa chako, unanyoosha mkono tu. Sisi tulikua na programu za kompyuta kama InstantTrack, nzuri kweli kwa wakati wake, ila ilibidi uzilishe namba za Kepler, mstari wa tarakimu unaoeleza obiti imekaaje, imelala pembe gani, setilaiti iko sehemu gani ya mzunguko saa ngapi. Unazipata kwa mwenzako hewani, au kwenye karatasi, unazichapa kwa mkono. Usiku mmoja nilikaa masaa matatu nasikiliza chenga. Nikabadilisha waya, nikabadilisha priampu, nikapanda juu na tochi mdomoni. Kumbe nilichapa tisa mahali pa nne. Antena zangu zilikua zinaangalia pori, kwa utiifu mkubwa, na motor inalia kila baada ya dakika kadhaa kuzisogeza ziangalie pori vizuri zaidi.

Ila ukishazichapa sawa zilikua zinadumu. Wiki nyingi tu, obiti ile ilikua haina haraka ya kubadilika. Nalisema hili kwa sababu litarudi.

Kwa sababu AO-13 tulijua inakufa lini. Hapa ndo vijana huwa wanashangaa. Siyo kwamba iliharibika ghafla kama zile nyingine. Wataalamu wetu wa hesabu walikaa wakapiga mahesabu ya obiti miaka kadhaa kabla wakasema, itaanguka mwishoni mwa 1996. Sababu ni jua na mwezi. Kitu kilicho kwenye obiti ndefu vile kinavutwa kidogokidogo na jua na mwezi, kila mzunguko kidogo, na kwa namna yai la AO-13 lilivyokaa, ule mvuto ulikua unashusha ile ncha ya chini, inashuka, inapanda kidogo, inashuka zaidi, mpaka inafika kwenye hewa. Injini yake ilishafanya kazi yake mwaka uleule wa 1988, na ikawa haina tena cha kuinyanyua. Hakuna aliyekosea kitu, ni hesabu tu.

Nakumbuka tulivyoipokea hiyo habari. Kwanza watu wakabisha, alafu wakarudia hesabu wenyewe, alafu wakanyamaza. Na baada ya hapo soga zikabadilika kidogo bila mtu kusema. Watu wakawa hawaagi haraka. Kulikua na mama mmoja wa New Zealand, sauti nyembamba, redio yake kaijenga kwa mikono, ambaye 1995 aliniambia, miaka minne tunaongea na sijawahi kukuuliza unafanya kazi gani. Kweli. Tulikua tumemaliza habari za antena, mvua, mbwa wake aliyekua anabweka kila motor ikizunguka, wajukuu, kila kitu ila hilo.

Mwaka wa mwisho ndo zile namba za Kepler zikaanza kunisaliti. Kila setilaiti ilipopita chini ilikua inagusa hewa, hewa inaipunguza mwendo, na ikipunguzwa mwendo kule chini kilele chake cha juu nacho kinashuka, mzunguko unakua mfupi. Namba zilizokua zinadumu wiki nyingi zikawa zinachacha ndani ya siku chache. Naweka antena pale kompyuta inaposema, haipo, nasogeza mbele kidogo, hiyo hapo, imetangulia. Kila siku imetangulia zaidi. Na mlio wa bikoni unahama kwa kasi kuliko nilivyozoea, mkono wangu wenye miaka mitano ya mazoea unaachwa nyuma.

Mara ya mwisho kuisikia ilikua Novemba 1996. Wale nyuki kwenye kopo, dakika chache tu. Sikurusha chochote, sijui kwa nini, niliona kama siyo adabu. Tarehe 5 Desemba 1996 ikaingia kwenye anga ikaungua. Mzee aliniuliza nimesikia, nikasema nimesikia, tukaongea habari nyingine.

Tulikua na tumaini kubwa kwa iliyofuata, AO-40, kubwa kuliko zote, zaidi ya kilo 600, ikaruka Novemba 2000. Mwezi haujaisha vizuri injini yake ikaleta balaa na ikanyamaza, wakaipata tena siku ya Krismasi kwenye 2.4 gigahezi, imejeruhiwa lakini inaongea, tukaitumia, na Januari 2004 betri zikafa. Sina ugomvi nayo ila nafasi ya kuizoea haikunipa.

Na kabla mtu hajaniambia, ndio, najua ipo setilaiti ya QO-100. Ilirushwa Novemba 2018 imekaa hapohapo juu ya ikweta haiendi popote, dishi unalielekeza mara moja tu maisha yako yote, masaa 24 watu wapo, sauti safi kuliko AO-13 ilivyowahi kuwa. Ninayo, naitumia, soga zinapigwa sana tu, siwezi kudanganya. Lakini inaona thuluthi moja ya dunia, ileile kila siku. Jirani zako ni walewale. Japani hawamo, New Zealand hawamo, na hawatakuja kuwamo. AO-13 ilikua inahamahama, wiki hii inakuletea hawa wiki ijayo wale, na hujui jioni utamkuta nani kakaa.

Wengine wananiambia mbona AO-7 ilifufuka. Ni kweli, ilirushwa 1974, ikafa 1981 kwa betri, na mwaka 2002 ikaanza kusikika tena yenyewe kwa umeme wa jua. Ila AO-7 mwili wake ulikuwepo muda wote, unaelea tu huko juu. Yetu ilishakua majivu.

Kwenye hizo logibuku, katikati ya kurasa za 1996, nimekuta kadi moja ya QSL, ile ya kuthibitisha kwamba mmeongea, imejikunja. Kadi zetu zinapitia kwa mawakala wanaozikusanya magunia kwa magunia ili tuokoe stempu, kwa hiyo inaweza kuchukua mwaka, miwili. Hii muhuri wake unaonyesha ilinifikia 1998. Imetoka kwa jamaa wa Finland ambaye tuliongea mara nyingi. Tarehe, saa, AO-13, modi B (ile ya kurusha 435 na kupokea 145), tano-saba. Na chini kwa kalamu kaandika kwamba transponda ilifungwa nikiwa katikati ya kumuelezea nilivyoziba kiunganishi changu kisiingie maji tena, na yeye chake bado kinavuja, na anasubiri nimalizie.

Nadhani nilimjibu kwa kadi wakati ule, ila kwenye daftari sioni alama yoyote kwamba niliituma. Utepe wa mpira unaojishika wenyewe, tabaka mbili, unauvuta kwanza kabla ya kuuzungusha, alafu juu yake utepe wa kawaida wa umeme. Na unaanzia chini kupanda juu, ili maji yateleze.

Ule waya niliokua natafuta bado sijaupata.